Majivu, gazeti au dawa ya chupa? Vumbi la Kilosa na Mikumi ndilo linalochagua

Kuna treni mbili zinazopita Kilosa siku hizi, na madirisha yake hayafanani.

Treni ya zamani, ile ya reli ya kati, ina dirisha la kufunguka. Ikisimama stesheni, abiria hulifungua, akatoa mkono, akamwita muuza ndizi, akajadili bei, akapokea chenji, na treni ikianza kung'oka akalifunga kukwepa vumbi. Kioo kikiwa na utando wa miezi sita hakuna anayenung'unika, maana kazi ya dirisha lile ni kupitisha upepo na mkono. Treni mpya ya umeme, ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, ina kioo kipana kisichofunguka. Ndani kuna kiyoyozi. Nje kuna milima ya Usagara, bonde la Mkondoa na giza la ghafla la mahandaki. Hununui kitu dirishani, unatazama tu. Tone moja la tope likikaukia usawa wa jicho lako, utaivuka wilaya nzima ukiiona ina doa.

Mabadiliko hayohayo yameingia majumbani. Dirisha la mbao lililokuwa likifunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi linaondoka, na mahali pake panakaa kioo kikubwa cha aluminiamu. Dirisha la hewa limekuwa dirisha la macho, na dirisha la macho halina budi kufutwa. Ndipo ubishi wa kila Jumamosi asubuhi unapoanza. Bibi anataka majivu na ndimu, mama anaamini gazeti kuukuu, na binti aliyerudi kutoka mjini amekuja na chupa ya dawa ya buluu ya kupuliza.

Nani mkweli kati yao? Jibu limo ndani ya uchafu wenyewe, na uchafu wa Kilosa si ndugu wa uchafu wa Mikumi.

Kioo kilikuja baadaye

Tukitaja mbinu za jadi, tuanze kwa kukiri jambo moja: babu wa babu yake mtu wa Kilosa hakuwa na kioo cha kufuta. Neno dirisha lenyewe asili yake ni Uajemi, lilitufikia kwa njia ya pwani. Huku bara, tembe na nyumba za msonge zilitosheka na mlango na pengine tundu dogo la kutolea moshi. Nyumba ya miti na udongo yenye pembe nne ilipoenea, ilipewa dirisha la ubao lenye komeo. Kulisafisha hakukuhitaji elimu: ufagio wa chelewa kuondoa utando wa buibui, kitambaa kibichi kupangusa vumbi, basi.

Kioo kilipanda kutoka pwani pamoja na dola, misheni na reli. Njia ya treni kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikasonga magharibi kupitia Kilosa, na kufika Kigoma mwaka 1914. Boma la Wajerumani lilikuwa na kioo. Mabehewa yalikuwa na kioo. Maduka ya Wahindi na nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa zilikuwa na kioo. Walioshika tambara walikuwa vijana wa Kiafrika walioitwa maboi, na wao ndio walioleta mitaani habari za namna kioo kinavyong'arishwa.

Hata gazeti, ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa dawa ya mababu, umri wake si mkubwa. Mambo Leo, gazeti la serikali la Kiswahili lililosomwa sana Tanganyika, lilianza mwaka 1923. Uhuru lilianza mwaka 1961. Mtu hawezi kufutia kioo gazeti ambalo halijachapwa.

Jadi ya kweli tuliyo nayo ni ya jikoni. Majivu yalikuwa ya masufuria. Dodoki lilikuwa la mwilini. Ndimu ilikuwa ya kukata shombo la samaki na kutoa kutu kwenye kisu. Kioo kilipofika, akina mama wa Kilosa walikipeleka jikoni, kwenye darasa walilolijua, na mengi ya mafunzo yake yalifaa.

Darasa la jikoni

Tuanze na majivu. Kuni zikiungua, hubakiza chumvi za potasiamu na chokaa zenye ukali wa magadi. Ukali huo ukikutana na mafuta, huanza kuyageuza sabuni. Ndiyo maana sufuria lililokaangiwa samaki hutakata kwa majivu hata pasipo sabuni ya dukani. Kioo cha dirisha la jikoni, chenye utando wa mafuta na moshi, nacho hutii. Lakini bibi anayejua kazi yake hachoti majivu jikoni na kuyapaka moja kwa moja. Huyachekecha kwa kitambaa chepesi, akabakiza unga laini kama poda, akauchanganya na maji kidogo, akapaka kwa tambara bichi, akasuuza mara mbili. Kuchekecha ndiyo siri yote. Ndani ya majivu mna punje za mchanga zilizotoka kwenye mafiga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kioo cha dirisha huwa karibu 5.5 na mchanga mwingi ni 7. Majivu yasiyochekechwa hufuta doa na kuacha mikwaruzo, na mikwaruzo haina dawa.

Ndimu na siki zina kazi nyingine. Hizi ni tindikali, adui wa chokaa. Maji ya kisima yakirukia kioo na kukauka, huacha vidoa vyeupe ambavyo sabuni haiviwezi, kwa kuwa si mafuta wala si vumbi. Ni madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya maji. Siki ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asilimia 5 hivi, huviyeyusha kwa dakika chache. Ndimu nayo huviyeyusha, ila juisi yake ina sukari. Usiposuuza, sukari hubaki kama gundi, vumbi la mchana hulala juu yake, na sisimizi hufuata. Ndiyo maana wapo walioikataa ndimu wakisema haifai, kumbe walichokosa ni kopo la pili la maji.

Mafuta ya taa yana wafuasi wake pia. Matone machache kwenye ndoo ya maji hukata utando wa mafuta, na harufu yake hufukuza nzi kwa muda. Hata hivyo huacha ngozi nyembamba inayodaka vumbi, na tambara lililolowa mafuta ya taa halitakiwi kuwa karibu na jiko la mkaa. Kati ya mbinu zote za zamani, hii ndiyo ya kuiacha istaafu.

Kisha gazeti. Wengi hudhani wino ndio unaong'arisha. Wino mweusi wa gazeti una masizi laini mno, na huenda ukasaidia kusugua kidogo, lakini sifa kubwa ni ya karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti hunywa maji haraka na haiachi manyoya. Chukua fulana kuukuu ya pamba, futa kioo, kisha kitazame dhidi ya mwanga: utaona nyuzi nyeupe zimebaki. Gazeti haliachi kitu hicho. Lakini lazima liwe gazeti la karatasi ya kawaida. Kurasa zinazong'aa za majarida ya rangi hazinywi maji. Huyasukuma tu huku na huko. Na fremu nyeupe iangaliwe, kwani wino hauna adabu kwenye rangi nyeupe.

Chupa ya buluu na ulimi wa mpira

Tulichozoea kukiita kisasa nacho kina uzee wake. Windex, dawa ya vioo iliyozifungulia njia nyingi za aina yake, ilitoka kampuni ya Drackett ya Marekani mwaka 1933. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1936, mhamiaji wa Kiitaliano aliyeitwa Ettore Steccone, mfuta madirisha wa mji wa Oakland, California, alisajili haki ya ubunifu wa kifaa chepesi cha shaba chenye ulimi mmoja wa mpira, baada ya kuchoka na vifaa vizito vya chuma vya wakati wake. Ndicho kile kifaa ambacho vijana wa vituo vya mafuta huvutia maji kwenye kioo cha mbele cha gari. Kwa umri, basi, dawa ya chupa inalingana na bibi wa Kilosa anayeipinga.

Dawa ya chupa hufanya kazi kwa njia mbili. Ndani yake mna kiyeyusho, mara nyingi aina ya pombe au amonia, kinachokata mafuta na kuruka hewani upesi bila kuacha chumvi. Na maji yaliyotumika kuitengeneza huwa yamesafishwa, hayana chokaa ya kisima. Ndiyo sababu haiachi michirizi: kinachopakwa karibu chote hupotea hewani. Udhaifu wake ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya kioo ambacho tayari ni safi nusu. Ipulizie kwenye kioo chenye vumbi jekundu la kiangazi, utakuwa umekanda tope.

Ulimi wa mpira hauhitaji dawa ya buluu hata kidogo. Unahitaji maji, tone la sabuni ya maji na mkono uliotulia. Sabuni hulegeza uchafu, maji huubeba, mpira huvuta vyote kwenda chini kwa mkupuo mmoja kabla havijakauka. Ukiona michirizi, angalia mambo matatu: sabuni imezidi, mpira umechakaa ukingoni, au jua limewahi. Kwa nyumba yenye vioo vikubwa hakuna kinachoushinda kwa haraka wala kwa kubana maji. Nusu ndoo inaweza kumaliza sebule nzima, jambo la maana kwa mtu anayenunua maji kwa ndoo.

Lakini nyumba zetu zina kitu ambacho Steccone hakukifikiria: grili. Nondo zilizochomelewa dirishani kuzuia wezi huacha nafasi ya kiganja tu. Kifaa cha mpira chenye mkono mrefu hakipiti, na kikipita hakigeuki. Mkono wenye gazeti lililokunjwa hupita, hujipinda, hufika pembeni. Vivyo hivyo kwa madirisha ya zamani ya mbao yenye vioo vidogovidogo vilivyogawanywa kwa fito. Mpira hauna pa kukimbilia humo. Kwa hiyo yule mama aliyeng'ang'ania gazeti hakuwa mshamba. Alikuwa anafuta dirisha lake yeye, si la kwenye tangazo.

Tope la Mkondoa

Sasa tuutazame uchafu wenyewe, tukianzia Kilosa mjini.

Kilosa imekaa kando ya mto Mkondoa, na mto huo unashuka na udongo wa milimani. Wenyeji hawajasahau mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, mto ulipofurika, reli ikakatika na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Mafuriko yakipungua, nyumba hubaki na mstari wa kahawia ukutani kuonyesha maji yalipofikia, na chini ya mstari huo kila kioo huwa kimevaa koti la tope.

Tope la mafuriko lina kanuni moja tu: usilifute, liloweshe. Ndani yake mna mchanga mwembamba, na kila unapolisugua kwa tambara, gazeti au kitambaa cha kisasa, unakwaruza. Mwagia maji kwa kopo kutoka juu, acha lilegee, mwagia tena, mpaka maji yanayotiririka yawe meupe. Hapo ndipo sabuni inapoingia. Tope hilo pia huenda limebeba maji ya vyoo vilivyofurika, hivyo glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi si madaha.

Nje ya msimu wa mvua, adui wa Kilosa ni vumbi. Vumbi kavu lina kanuni yake: liondolewe likiwa kavu. Brashi laini ya kufagilia, au kitambaa kikavu cha maikrofaiba kinachonasa chembe badala ya kuzisukuma, ndiyo hatua ya kwanza. Hatua hiyo ndogo watu wengi huiruka, na hapo bibi, mama na binti wote watatu hukosea sawasawa, kila mmoja na dawa yake mkononi.

Wilaya hii ina zawadi yake pia. Mkonge ulioingizwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 uliijaza Kimamba na vitongoji vyake mashamba ya katani, na brashi ya katani bado ni chombo kizuri cha kufagilia wavu wa mbu na mifereji ya fremu. Kioo chenyewe achia kitambaa laini, kwa sababu brashi hubeba mchanga wa kazi ya jana.

Masizi ya Mikumi

Barabara kutoka Kilosa kwenda Mikumi inapita mahali panapoitwa Ulaya. Si utani, ni kata ya Kilosa, yenye udongo na mahindi kama kata nyingine. Mtu akikuambia dirisha lake linafutwa kwa mtindo wa Ulaya, muulize kwanza ni Ulaya ipi.

Ukitokea upande wa pili, uko Mikumi, na uchafu umebadilika. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, imekatwa na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia kwa kilomita 50 hivi. Mji wa Mikumi umekaa juu ya barabara hiyohiyo. Malori ya Zambia na Kongo hupanda na kushuka usiku na mchana, yakibadilisha gia, yakipumua moshi wa dizeli. Moshi huo hutua kwenye kioo cha nyumba ya kulala wageni, cha mgahawa na cha duka la dawa ukiwa utando mweusi wenye mafuta.

Kwa utando huo ndimu haisaidii. Maji matupu huuburuta tu. Unahitaji kitu chenye ukali dhidi ya mafuta: majivu yaliyochekechwa, sabuni ya maji au dawa ya chupa yenye amonia. Hapa bibi na binti wanashinda pamoja, kwa sababu majivu na amonia, japo mmoja anatoka jikoni na mwingine kiwandani, wote wako upande uleule wa magadi.

Kusini ya mji, kuelekea Ruhembe na Kidatu, kuna mashamba ya miwa yanayolisha viwanda vya sukari vya Kilombero. Miwa huchomwa moto kabla ya kuvunwa ili majani makavu yaondoke, na upepo hubeba vipande vyeusi vya majani yaliyoungua hadi kwenye kamba za nguo na vizingiti vya madirisha. Masizi hayo ni mepesi na makavu. Ukiyapuliza au kuyapangusa kwa brashi yanakwenda zake. Ukiyagusa na tambara bichi yanakuwa wino. Mama aliyeanika shuka nyeupe msimu wa kuchoma miwa hahitaji kufundishwa somo hili.

Mikumi ina uchafu wa tatu, ule wenye uhai. Taa ikiwashwa usiku, kumbikumbi na wadudu wa kila aina hujazana kiooni, na asubuhi mabaki yao yamekauka kama gundi. Popo na ndege huacha alama zao. Dawa yake ni gazeti tena, lakini kwa namna ambayo wengi hawajaijaribu: lilowanishe, libandike juu ya doa, liache dakika kumi. Karatasi bichi hushika kioo na kuweka unyevu palepale unapohitajika. Ukilibandua, doa hutoka nalo bila kusuguliwa.

Aluminiamu, tinti na wembe

Madirisha yanayowekwa leo Kilosa na Mikumi yanaleta masharti mapya. Fremu za aluminiamu za kuslaidi hazioani na majivu. Ukali wa magadi hula ngozi ya aluminiamu na kuifanya ififie, kama inavyotokea kwa sufuria lililosuguliwa majivu miaka mingi. Majivu yaishie kwenye kioo, na yasuuzwe upesi. Siki na ndimu nazo zisiachwe zikaukie kwenye fremu.

Vioo vya tinti vinavyoakisi kama kioo cha kujitazamia vina utando mwembamba wa madini upande mmoja. Utando huo haupatani na majivu, wembe wala sifongo ya chuma. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Ukishaukwaruza, umeukwaruza mpaka ununue kioo kingine. Angalau vioo vinazidi kupatikana karibu: mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha Sapphire Float Glass cha Mkuranga, mkoani Pwani, kinachotengeneza kioo bapa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyushwa. Njia hiyo ilitangazwa na Mwingereza Alastair Pilkington mwaka 1959. Kabla yake, kioo cha kawaida cha dirisha kilikuwa na mawimbi. Kwa hiyo ukifuta dirisha la jengo la zamani na bado mti wa nje unaonekana umepinda, pumzika. Huo si uchafu, ni umri.

Nyumba mpya ina madoa yake: lipu na rangi zilizorukia kioo wakati wa ujenzi. Fundi huyakwangua kwa wembe, na hakosei, mradi kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni na wembe ulazwe. Saruji iondolewe mapema, kwa maana ikikaa sana huuma kioo chenyewe.

Wavu nao usisahaulike. Ukishaziba kwa vumbi, haupitishi upepo, mwenye nyumba hufungua kioo na wavu pamoja, na mbu wanakaribishwa. Katika mkoa huu wa Morogoro, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikichunguza mbu na makazi ya watu kwa miaka mingi, wavu safi una thamani kuliko kioo king'aacho. Brashi ya katani, sabuni, maji, kivulini ukauke.

Usichanganye

Kuna ubishi mmoja ambao haufai kumalizwa kwa kuweka dawa zote ndani ya ndoo moja. Jiki ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini. Jiki ikichanganywa na dawa ya vioo yenye amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu. Zote huchoma macho na mapafu, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya usafi ndicho hatari zaidi. Jiki haina kazi kwenye kioo, iache chooni. Sabuni na dawa za kupima zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa ziandikwe jina na ziwekwe mbali na watoto, kwani dawa ya buluu ndani ya chupa ya maji humwita mtoto kama soda.

Kuna pia suala la nani anayepanda. Mara nyingi ni dada wa kazi, juu ya stuli iliyowekwa juu ya meza, mkono mmoja umeshika nondo. Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alipoifanya sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilipotengwa kwa kazi hiyo, tulitoka wote na mafagio kusafisha mitaro. Kioo cha ghorofani kilibaki kazi ya mtu mmoja. Ngazi imara na mtu wa kuishika ni sehemu ya vifaa vya usafi kama ndoo.

Jaribio la Jumamosi

Anayetaka kumaliza ubishi nyumbani kwake achague dirisha moja lisilo la tinti, aligawe sehemu nne kwa utepe wa karatasi. Asubuhi kabla jua halijawaka, au siku ya mawingu, aondoe vumbi kavu kwenye sehemu zote nne. Kisha sehemu ya kwanza apake majivu yaliyochekechwa na kusuuza. Ya pili siki nusu kwa maji nusu, akaushe kwa gazeti. Ya tatu maji ya sabuni na ulimi wa mpira. Ya nne dawa ya chupa na kitambaa cha maikrofaiba. Maji yawe ya mvua kama yapo, yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, kwa sababu hayana chokaa. Nje afute kwa kushuka, ndani afute kwa kwenda kando, ili mchirizi ukionekana ajue uko upande gani.

Asihukumu mchana. Asubiri saa kumi na moja jioni, jua linapolala na kuingia kwa mshazari. Mwanga huo hausamehe. Mwenye kioo kikubwa kisicho na grili huenda akaipa ushindi sehemu ya tatu. Mwenye jiko la kuni atashangaa jinsi ya kwanza ilivyopambana. Mkazi wa kando ya barabara kuu Mikumi ataona ya nne imefanya kazi upesi. Na mwenye nondo na vioo vidogo, ambao bado ndio wengi kati ya Kilosa na Mikumi, atarudi kwenye ya pili.

Kwa huyo nina habari moja njema na moja mbaya. Njema ni kwamba kurasa nyeusi na nyeupe za gazeti hili, ukishazisoma, zinafaa kabisa. Epuka tu ule wa rangi wenye tangazo. Mbaya ni kwamba magazeti ya karatasi yanazidi kupungua mitaani, na hayo machache yanagombaniwa na muuza maandazi. Kama makala hii umeisoma kwenye simu, itabidi ukamwombe jirani.